Kuhasi Paka wa Mtaani

Paka wa mtaani ni paka aliyezaliwa nje na kukua bila kuzoea mkono wa mtu. Si sawa na paka aliyepotea au kutupwa, ambaye bado hukubali kushikwa na anaweza kupatiwa nyumba. Katika miji ya kale ya pwani, kama Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, paka hawa hukaa kwa makundi penye soko la samaki, nyuma ya hoteli na kwenye majaa. Wakazi wameishi nao miaka na miaka, na panya huwaogopa. Matatizo huanza paka wanapozidi chakula kilichopo.

Nao huzidi upesi. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne hadi sita, huibeba kwa takriban siku 63 hadi 65, huzaa watoto watatu hadi watano, na huweza kushika nyingine kabla hajawaachisha kunyonya. Katika nchi za baridi uzazi hupungua msimu wa siku fupi. Karibu na ikweta mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo vitoto huonekana kila mwezi, na wengi hufa kwa njaa na maradhi kabla ya kukomaa.

Kwa afya ya watu, jambo kubwa ni kichaa cha mbwa. Mbwa ndio wanaokiambukiza zaidi, lakini paka hukipata na kukipitisha. Jeraha la meno au kucha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha majeruhi afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo akachanjwe. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Minyoo ya paka huingia kwenye mchanga wanaochezea watoto. Vimelea vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hutoka na kinyesi cha paka na huhitaji siku moja hadi tano nje ndipo viambukize. Mjamzito hapaswi kuzoa kinyesi hicho. Hata hivyo, nyama isiyoiva vizuri huleta vimelea hivyo hivyo, na hakuna sababu ya kumfukuza paka wa nyumbani kwa ajili hiyo.

Kuwatilia paka sumu ni hatari kwa watoto, kuku na mbwa, na faida yake haidumu: chakula kinabaki jaani, paka wa mtaa wa pili wanahamia, na waliosalia wanazaa. Njia inayofaa zaidi ni kuwatega, kuwahasi, kuwachanja na kuwarudisha.

Kazi huanza kwa mtu anayewalisha. Karibu kila mtaa yupo mama au mzee anayewatupia vichwa vya samaki, naye huwajua mmoja mmoja: yupi ana mimba, yupi ananyonyesha, lipi ni shume la mtaa mwingine. Bila yeye hesabu ya kundi huwa ya kubahatisha. Kwa wiki moja au mbili paka hulishwa saa ile ile, mahali pale pale. Siku moja kabla ya kutega hawapewi chakula.

Mtego ni sanduku refu la waya ambalo mlango wake huanguka paka akikanyaga kibao cha ndani. Gazeti hutandikwa chini ili waya usimchome nyayo, na dagaa huwekwa mwisho kabisa, nyuma ya kibao. Mlango ukifunga, paka hujirusha huku na huko. Mtego mzima ukifunikwa kanga, hutulia. Mtego hauachwi juani wala bila mtu wa kuuangalia, na hakuna anayeingiza mkono ndani. Jike mwenye chuchu zilizovimba huenda ana watoto mahali fulani, na wakiwa wachanga ni bora aachiwe kwanza.

Daktari wa mifugo humlaza paka aliyetegwa kwa dawa ya usingizi. Dume hutolewa korodani, jike hutolewa ovari na kwa kawaida mji wa mimba pia. Hapo hapo huchanjwa kichaa cha mbwa, na ncha ya sikio moja hukatwa takriban sentimita moja, alama inayoonekana kwa mbali ili asitegwe tena. Dume aliyeamka vizuri huachiwa kesho yake. Jike huhitaji siku moja au mbili zaidi. Wote hurudishwa pale pale walipotegwa, kwa sababu paka akitupwa ugenini hupigwa na paka wenyeji au hupotea akitafuta kwao.

Baadhi ya familia huuliza hukumu ya dini. Maulamaa wamehitilafiana, wapo wanaoruhusu penye manufaa na pasipo madhara. Ni vyema shehe wa mtaa aulizwe mapema, kabla mitego haijawekwa.

Kuhasi paka watano katika kundi la ishirini ni kupoteza fedha. Angalau saba katika kila kumi wahasiwe, tena ndani ya muda mfupi. Vitoto vichache huweza kuzaliwa hata baadaye, kwa kuwa dume aliyehasiwa hubaki na mbegu kwa wiki kadhaa. Ugomvi wa usiku na harufu ya mkojo hupungua taratibu. Taka za samaki zifunikwe, paka wa majumbani nao wahasiwe, na kila mgeni mwenye masikio mazima ategwe mara anapoonekana.