Paka wa Kazi: Namna ya Kumpata na Kumtunza

Huko Uingereza na katika nchi nyingine za Ulaya wako wakulima wafugao mnyama mdogo aitwaye fereti. Ni mnyama mrefu, mwembamba, wa jamii moja na kicheche wetu, naye amefugwa na watu kwa zaidi ya miaka 2,000. Kazi yake ni kuingia mashimoni. Sungura wa kule huchimba mashimo na kukaa humo wengi pamoja. Mkulima hutandika nyavu juu ya matundu, humwingiza fereti ndani, na sungura wakitoka mbio hunaswa. Wengine humtumia kufukuza panya mazizini.

Wako wakulima wa skimu waliosikia habari hizi nao wanauliza kama fereti aweza kununuliwa Nairobi. Jibu letu ni fupi: msimtafute. Sungura wa porini wa hapa kwetu hakai shimoni, hulala juu ya nyasi, basi fereti hana kazi kwake. Wa kumalizwa wangekuwa kuku wenu. Watu wa New Zealand walimleta miaka ya 1880 ili awapunguzie sungura. Akawageukia ndege wa nchi, na mwaka 2002 Serikali ya huko ikakataza kumuuza na kumzalisha. Wala mtu asimshike nguchiro au kanu msituni akadhani amepata fereti wake. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga mnyama wa porini bila kibali.

Mnyama wa kazi hiyo tunaye tangu zamani, naye ni paka. Adui wa mkulima wa skimu si sungura, ni panya. Fanya hesabu hii. Panya mmoja wa nyumbani hula kadiri ya gramu 20 za nafaka kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 7 na zaidi. Basi panya 12, ambao katika stoo ya kawaida si wengi hata kidogo, wamekula karibu gunia zima la kilo 90. Hapo hatujahesabu magunia waliyotoboa, wala mahindi waliyoyakojolea.

Mkojo huo si jambo la kudharau. Utafiti uliofanywa Kibera na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba panya wa huko walikuwa na vijidudu vya ugonjwa wa leptospira, ambao hutoka katika mkojo wa panya na kumwingia mtu kwa njia ya maji machafu au kidonda. Huleta homa kali, na pengine huharibu ini na figo.

KWA NINI KAWANGWARE NA KIBERA

Wengi wenu hufika soko la Kawangware na viazi, kabichi au mahindi mabichi, na wengine hupeleka mizigo Toi na Makina, upande wa Kibera. Mkiisha kuuza, msiharakishe kupanda gari. Tazameni kwenye mashine za kusaga unga na katika maduka ya nafaka. Huko magunia yamepangwa hadi juu ya paa, nyumba zimebanana, mitaro iko wazi, na panya hawana idadi. Mwenye duka asiye na paka hupata hasara kila siku. Kwa hiyo paka utakayemkuta pale mara nyingi ni paka wa kazi kweli, na watoto wake wamezaliwa juu ya magunia. Tangu macho yao yalipofunguka wamemwona mama yao akileta panya.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kutafuta, kuliko rangi au ukubwa. Paka mdogo hujifunza kuwinda kwa mama yake. Mama humletea panya aliyekufa kwanza, halafu panya aliye hai bado, naye mtoto humchezea mpaka ajue kuua. Mtoto aliyetengwa na mama kabla ya wiki nane amekosa masomo hayo, tena huwa mdhaifu. Usimchukue hata ukipewa bure.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Paka wangu wa kwanza nilipewa katika nyumba moja nzuri ya mjini, dume kubwa lenye manyoya mengi, lililozoea kula chakula cha mkebe. Nililitia katika gunia, nikalifunga juu ya basi pamoja na majembe. Tulipofika nikalifungulia pale pale uani. Lilitazama huku na huku, likapita chini ya ua, na mpaka leo sijaliona. Nililaumu paka, lakini kosa lilikuwa langu mara tatu.

Safari ya pili nilikwenda kwa mama mmoja auzaye mahindi na maharagwe Kawangware. Nilimkuta paka wake, jike la madoadoa, amelala mlangoni.

"Mama," nikamwuliza, "huyu paka wako anashika panya?"

"Anashika, mzee. Jana wawili."

"Basi humpi chakula?"

Akacheka. "Nampa omena kila jioni. Paka wa njaa hakai kwako, mzee. Anaenda kwa majirani kufunua sufuria."

Maneno ya mama huyu ni kweli kabisa, na wataalamu wamesema vivyo hivyo. Mwaka 1953 Charles Elton, mtaalamu wa wanyama wa Oxford, aliandika juu ya paka wa mashamba ya Uingereza. Aliona kwamba paka waliopewa chakula nyumbani walikaa karibu na majengo, wakazuia panya wasirudi. Lakini panya hao walikuwa wameondolewa kwanza kwa njia nyingine. Basi wakulima wasidanganyike. Paka hamalizi panya waliokwisha jaa. Panya mkubwa wa mtaroni humwogopesha hata paka shujaa. Paka hushika zaidi vipanya na panya ambao hawajakomaa. Kwanza tega mitego na kusafisha stoo, kisha paka awe askari wa kulinda.

KUCHAGUA

Chagua mwenye umri wa wiki nane hadi kumi na mbili. Jike ni bora kidogo, maana dume lisilohasiwa huzurura usiku kucha na kurudi na majeraha. Mtazame macho: yawe makavu na maangavu, bila tongo. Masikio yasiwe na uchafu mweusi ndani, huo ni utitiri. Funua manyoya ya mgongo uone viroboto. Tumbo lililojaa kama ngoma huku mbavu zaonekana ni dalili ya minyoo. Minyoo hutibika, lakini mwambie mwenyewe ili bei ishuke. Akiharisha au kutapika, mwache, wala usichukue ndugu yake wa tumbo moja. Kisha vuta kamba au jani mbele yao. Atakayerukia na kushikilia ndiye wako. Anayejificha nyuma ya gunia na hatoki hata baada ya muda, usimchukue.

Rangi haina maana. Wako watu waogopao paka mweusi, na kwa sababu hiyo weusi hukaa dukani mpaka wanakua. Mkulima asiye na hofu hiyo apata paka mzuri kwa bei ndogo. Bei yenyewe hatuwezi kuitaja, kwa kuwa wengi hawauzi bali hutoa. Lakini si adabu kuondoka mikono mitupu. Mimi nilimwachia mama yule kabichi mbili na bei ya omena, akafurahi, na mwaka uliofuata akaniwekea mwingine.

Ukiweza, chukua ndugu wawili. Hawatoroki upesi, na stoo kubwa humchosha paka mmoja. Usimwokote paka wa njiani asiye na mwenyewe. Huenda amekwisha kula sumu au ana ugonjwa, nawe hujui habari za mama yake.

Wa kumsafirisha ni katoni au kikapu chenye kifuniko, kimetobolewa matundu na kufungwa kamba. Gunia, hapana. Weka ndani kitambaa alichokuwa akilalia.

SIKU ZA KWANZA

Ukifika nyumbani mfungie ndani ya stoo au chumba kwa wiki mbili au tatu. Mpe maji, chakula, na sanduku lenye mchanga au majivu la kwendea haja. Mlishe wewe mwenyewe, saa ile ile kila siku, ukimwita kwa sauti ile ile. Ukianza kumtoa, mtoe jioni kabla hajala, ili njaa imrudishe.

Paka ni mla nyama. Ugali mtupu haumtoshi, hata akiula kwa hamu. Changanya na omena iliyochemshwa bila chumvi nyingi, au mabaki ya bucha. Maziwa si lazima. Paka wakubwa wengi huharisha wakinywa maziwa ya ng'ombe. Maji safi ndiyo ya lazima. Kuku wakubwa atawazoea akikua pamoja nao, lakini vifaranga wafungiwe mpaka wakue kidogo.

Mtoboleee mlango wa stoo tundu la upana wa sentimeta 15 kila upande, apite wakati wowote. Tundu la mlango si tundu la ukuta: nyufa nyingine zote zizibwe, maana kipanya hupita penye nafasi ya milimeta 6. Ghala la miguu liinuliwe mita moja kutoka chini, na kila mguu uvishwe kofia ya bati. Usiache mbao au majani yakiegemea ghala, hiyo ni ngazi ya panya.

Akitimiza miezi mitatu mpeleke kwa Daktari wa Mifugo achanjwe kichaa cha mbwa, na chanjo irudiwe kila mwaka. Paka huumwa na mbwa mwenye kichaa, naye humwuma mtoto. Mwulize daktari pia habari za kufunga kizazi. Jike hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65, naye aweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka; bila mpango utakuwa na paka wengi wenye njaa badala ya wawili wenye kazi. Aliyefungwa kizazi huwinda kama kawaida. Walio karibu na Nairobi waweza kuuliza katika kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, ambayo haiko mbali na Kawangware, au kwa chama cha KSPCA huko Karen. Mama mwenye mimba asisafishe kinyesi cha paka. Kazi hiyo afanye mwingine, kwa sababu kinyesi hicho chaweza kuwa na kijidudu cha kudhuru mtoto tumboni.

SUMU

Sasa tumefika penye hatari kubwa. Katika njia za Kawangware na Kibera utasikia vipaza sauti mchana kutwa: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Pakiti ni ndogo, bei ni ndogo, na mara nyingi haina jina la dawa wala la mtengenezaji. Nami nilinunua. Jike langu la madoadoa lilikuwa limekaa miezi mitano na lilifanya kazi vizuri, lakini niliona panya wawili, nikasema nitamsaidia.

Sumu nyingi za panya huzuia damu isigande. Panya haifi hapo hapo, huishi siku kadhaa akizidi kulegea, na panya aliyelegea ndiye anayekamatwa kwanza. Paka wangu alikula wangapi sijui. Siku ya nne fizi zake zilikuwa nyeupe, akatokwa damu puani, na asubuhi alikuwa amekufa nyuma ya debe. Daktari aliniambia baadaye kwamba ningempeleka mapema angempa vitamini K na huenda angepona.

Lakini lililonitia baridi si hilo. Nilipokwenda kuondoa pakiti iliyobaki nilikuta imeshushwa rafuni. Mtoto wetu wa miaka mitatu alikuwa amepanda juu ya debe akaishika. Alikuwa hajaifungua.

Basi uchague moja: paka au sumu. Usiweke vyote viwili katika boma moja, na uzungumze na majirani wako, kwa kuwa panya wa jirani hufa kwako. Mtoto akila sumu mpeleke hospitali mara moja, na uchukue pakiti pamoja naye.

Kuna dawa nyingine ambazo watu hawazidhanii. Dawa ya kupe ya mbwa na dawa za kunguni zenye permethrin humtetemesha paka na kumwua, ijapokuwa mbwa hazimdhuru. Baadhi ya unga wa kuhifadhi mahindi una dawa hiyo hiyo kidogo. Mtoe paka siku unapochanganya, asilale juu ya mahindi kisha akajilamba. Dawa ya josho la ng'ombe, usimpake kamwe.

KUJUA KAMA ANAFANYA KAZI

Usihesabu panya waliokufa, maana wengi huliwa. Fanya hivi: kabla ya kumleta paka, nyunyiza majivu membamba sakafuni mwa stoo jioni, na asubuhi hesabu nyayo. Rudia kila mwezi. Kwangu mara ya kwanza nyayo zilikuwa nyingi hata sikuweza kuzihesabu. Sasa nina ndugu wawili, mmoja mweusi, na mwezi uliopita niliona njia moja tu ya panya, kutoka mlangoni hadi kwenye gunia la pili. Nilitafuta tundu lake, nikaliona chini ya kizingiti, nikaliziba kwa saruji na vipande vya chupa.