Fidia kwa Abiria Aliyejeruhiwa Katika Teksi ya Mtandao: Mwongozo kwa Wafanyakazi Nchini Kenya

Ajali ikitokea katika teksi ya mtandao, abiria aliyeumia hujikuta mbele ya kundi la watu, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole: dereva, mmiliki wa gari, kampuni ya bima, dereva wa gari la pili, kampuni yenye programu iliyotumika kuita gari, na pengine mwajiri wake mwenyewe. Majeruhi wengi huanza na jina wanalolifahamu, yaani lile lililo kwenye simu zao, na hapo ndipo miezi hupotea. Katika sheria ya Kenya, dai la kawaida la abiria hubebwa na dereva, mmiliki na bima ya gari lile. Kampuni ya programu huja baadaye, kwa nafasi yake.

Msingi wa dai ni uzembe. Mdai hutakiwa kuonyesha kwamba dereva hakuwa na uangalifu unaostahili barabarani, na kwamba kasoro hiyo ndiyo iliyomjeruhi. Abiria ana nafuu moja kubwa: hakushika usukani, hivyo ni nadra alaumiwe kwa mgongano wenyewe. Nafuu hiyo hupungua ikithibitika kwamba hakufunga mkanda, kwa kuwa mahakama inaweza kupunguza fidia kwa kiasi alichochangia katika madhara yake. Magari mawili yanapogongana na kila dereva akamtupia mwenzake lawama, njia salama ni kuwashtaki wote wawili pamoja na wamiliki wao. Anayemchagua mmoja humwachia nafasi ya kuusukuma mzigo kwa mtu asiyekuwapo mahakamani.

Kesi ya trafiki na kesi ya fidia ni vitu viwili. Dereva akitiwa hatiani na hukumu hiyo ikawa ya mwisho, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya kuwa ushahidi ambao ni vigumu kuupinga katika kesi ya madai. Hata hivyo, kesi ya trafiki haimlipi majeruhi fidia, na hakuna sharti la kuisubiri iishe.

Kuhusu mmiliki, swali huwa kama dereva alikuwa akiendesha kwa ruhusa na kwa faida yake. Magari mengi ya mtandao jijini Nairobi si mali ya waendeshaji: dereva hupeleka hesabu kwa mwenye gari kila siku au kila wiki, kinachobaki ni chake. Mpango huo ukithibitishwa, mmiliki hapati urahisi wa kusema kwamba dereva alikuwa katika shughuli zake binafsi. Sheria ya Trafiki humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mmiliki hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa sababu hiyo, nakala ya kumbukumbu za gari kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, ni miongoni mwa hati za kwanza ambazo wakili makini huagiza.

Suala la bima ndilo lenye uzito kuliko yote, nalo ndilo hushughulikiwa kwa uzembe zaidi. Sheria ya Bima ya Magari dhidi ya Madhara kwa Mtu wa Tatu, Sura ya 405, inalazimisha kila gari barabarani liwe na bima inayolinda watu wengine dhidi ya kifo na majeraha. Lakini ulinzi wa lazima kwa watu waliomo ndani ya gari haufanani kwa magari yote. Unawahusu abiria wa gari linalobeba watu kwa malipo, na wafanyakazi wanaosafirishwa kwa mujibu wa kazi yao. Rafiki aliyepewa lifti katika gari binafsi hahesabiwi humo. Sasa, gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi kwa sababu ni nafuu, kisha likaingizwa kwenye programu na kuanza kubeba abiria, liko upande gani? Dereva ataonyesha cheti kilicho hai, askari ataandika namba yake, na kila mtu ataridhika. Miezi kadhaa baadaye kampuni ya bima itadai kwamba haikuwahi kukubali hatari ya usafiri wa kulipiwa, na inaweza kuomba tamko la mahakama la kuikana bima hiyo kwa kuwa ilifichwa taarifa muhimu.

Basi cheti kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele kisomwe kikamilifu: namba ya gari, namba ya bima, jina la kampuni, tarehe ya mwisho, na aina ya matumizi. Picha moja iliyopigwa kabla gari halijavutwa kituoni inatosha. Ikionekana kwamba bima ni ya matumizi binafsi, dai halijafa, ila mkakati hubadilika. Uwezo wa mmiliki na dereva kulipa kutoka mifukoni mwao huanza kuwa na maana, na bima ya gari la pili, kama lipo na lina kosa, hupanda thamani.

Kiwango nacho kina dari. Sura ya 405 hailazimishi bima kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Mahakama inaweza kutoa zaidi, lakini kinachozidi hapo kitadaiwa kwa mmiliki na dereva, isipokuwa bima yenyewe ina kiwango cha juu zaidi. Kwa aliyevunjika mkono dari hiyo iko mbali. Kwa aliyeumia uti wa mgongo inafikiwa mapema mno. Kampuni ya bima, kwa kawaida, haishtakiwi moja kwa moja katika kesi ya kwanza: hukumu hupatikana dhidi ya mwenye bima, kisha kampuni hulazimika kuilipa kwa mujibu wa kifungu cha 10. Sharti lake ni taarifa ya kesi kutolewa kwa kampuni ndani ya muda mfupi uliowekwa. Desturi njema ni kuipeleka taarifa hiyo kwa maandishi kabla ya kufungua kesi, na kuhifadhi nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo ikikosekana, hukumu nzuri inaweza kubaki karatasi tu.

Kampuni za programu zimejipanga kwa lugha ya mikataba. Masharti ya matumizi kwa kawaida hueleza kwamba kampuni huunganisha tu abiria na dereva aliye huru, na baadhi huelekeza migogoro kwenye usuluhishi. Maneno hayo si ukuta. Katika kesi ya Kanuri Limited na wenzake ya mwaka 2021, Mahakama Kuu ilikataa kuiondoa Uber Kenya katika shauri la madereva washirika, ingawa ilijitetea kwamba mkataba ulikuwa na kampuni dada ya Uholanzi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo haimruhusu mfanyabiashara kutumia kifungu cha usuluhishi kumzuia mtumiaji kwenda Mahakama Kuu. Na tangu kanuni za NTSA za mwaka 2022, kampuni hizi ni watoa huduma wanaohitaji leseni, na hata kamisheni yao imewekewa kikomo cha asilimia 18. Hoja za kuiunganisha kampuni katika kesi zipo, hasa ikidhihirika kwamba iliruhusu dereva asiye na sifa au gari lisilo na bima stahiki. Ila isiwe mdaiwa pekee. Vilevile ifaa kuuliza kama kampuni ina bima yake ya ajali za safarini. Ikiwapo, huwa na masharti na muda wake wa kutoa taarifa.

Ushahidi hukusanywa katika siku za kwanza au haukusanywi kabisa. Ajali iripotiwe katika kituo cha polisi cha eneo hilo, na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, ichukuliwe hapo hapo. Kutokana nayo hupatikana abstrakti ya polisi, inayotaja magari, madereva, bima na majeruhi. Jina la abiria lisipoandikwa humo, upinzani wa kwanza utakuwa kwamba hakuwamo garini. Fomu ya P3 hujazwa na polisi na daktari. Kadi ya hospitali ya siku ya ajali ni muhimu kuliko ripoti ndefu ya baadaye, maana mwanya wa wiki mbili kati ya ajali na matibabu ndio mawakili wa bima huutafuta kwanza.

Kumbukumbu za safari zina thamani ya pekee katika usafiri huu: risiti ya safari, ramani ya njia, saa, jina na picha ya dereva, ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Zihifadhiwe nje ya programu, kwa picha za skrini au barua pepe. Jina kwenye programu lilinganishwe na mtu aliyekuwa usukanini, kwa sababu akaunti hukodishwa na kuazimwa. Kuna pia mtego wa dereva anayemwomba abiria afute safari ili walipane taslimu. Anayekubali huifuta hati inayothibitisha safari yake. Haki yake dhidi ya dereva na mmiliki haipotei, kwani bado alibebwa kwa malipo, lakini atalazimika kuithibitisha kwa mashahidi na ujumbe wa pesa, na hoja yake dhidi ya kampuni ya programu hudhoofika sana.

Fidia yenyewe ina mafungu. Hasara mahususi ni fedha zilizokwisha kutumika au kupotea: matibabu, dawa, nauli ya kliniki, mshahara wa siku za kulazwa. Mahakama za Kenya ni kali hapa. Kila kiasi lazima kitajwe katika hati ya madai na kithibitishwe kwa stakabadhi. Kisichotajwa hakilipwi, hata kama hakimu anakiamini. Gharama za matibabu yajayo, kama kutoa chuma mfupani, nazo ni lazima zitajwe. Fidia ya jumla hulipia maumivu na kupungukiwa na furaha ya maisha, na hupimwa kwa kulinganisha na hukumu za majeraha yanayofanana. Tena kuna kupoteza uwezo wa kuchuma, fungu linalosahaulika kwa fundi, mshonaji au mwandishi ambaye kidole kilichokakamaa kwake si jambo dogo. Abiria akifariki, wanaomtegemea hudai chini ya Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32.

Muda wa kudai madhara ya uzembe ni miaka 3 tangu ajali, kwa Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22. Katika mazungumzo ya suluhu muda huo huonekana mrefu hadi unapokwisha, kwani mazungumzo hayausimamishi. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 lina Mahakama ya Madai Madogo, inayopaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 60, ingawa majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kuhusu uwezo wake katika majeraha ya barabarani. Ushauri utafutwe kabla ya kuichagua. Mengine huenda kwa mahakimu, ambako hakimu mkuu husikiliza madai hadi shilingi milioni 20.

Mfanyakazi aliyetumwa na mwajiri, akaumia akiwa njiani kutekeleza agizo hilo, ana mlango mwingine: Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, maarufu kama WIBA. Hapo hahitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Ajali iripotiwe kwa mwajiri mara moja. Haki hiyo hufutika ikipita miezi 12 bila taarifa. Safari ya kawaida ya kwenda kazini asubuhi kwa teksi aliyojilipia mwenyewe, kwa upande mwingine, ni vigumu kuiingiza humo. Malipo ya WIBA hayamzuii kumdai dereva mzembe, ila hasara ile ile hailipwi mara mbili.

Imebaki sehemu ya maadili, na haigusi madereva peke yao. Katika wodi za majeruhi na nje ya vituo vya polisi huzunguka madalali wanaokusanya kesi kwa ajili ya mawakili. Wakili anayejiheshimu hatumi dalali, na Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, haitambui mapatano ya kulipwa pale tu kesi inaposhinda. Ada ijadiliwe na kuandikwa mapema. Majeruhi anayeshawishiwa kuongeza jeraha ambalo hakulipata, au jina la ndugu ambaye hakuwamo garini, anaingizwa katika udanganyifu utakaomfuata yeye, si dalali.

Suluhu nje ya mahakama ni halali na mara nyingi ni ya busara, mradi hali ya afya imetulia. Pesa anazotuma dereva jioni ya ajali ili “tumalizane hapa” zisipokelewe pamoja na karatasi ya kuachilia madai. Hati ya malipo ya mwisho ya kampuni ya bima isainiwe baada ya daktari kueleza kama kuna upasuaji mwingine mbele, kwa kuwa saini hiyo hufunga mlango. Kampuni ikichelewesha malipo bila sababu, malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Uimara wa kampuni yenyewe uangaliwe pia: United iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, na wenye hukumu dhidi ya wateja wao walisubiri muda mrefu. Ndiyo maana mmiliki hatolewi katika kesi hata bima inapoonekana kuwa imara.

Fedha za suluhu kwa kawaida hupitia akaunti ya wateja ya wakili. Mdai ana haki ya kupewa hesabu ya maandishi inayoonyesha kiasi kilichopokewa, ada iliyokatwa na salio lake. Asipopewa, anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.