Vijia vya Miguu na Pikipiki: Tukubaliane Kabla ya Kuumizana



Neno "bodaboda" lilizaliwa hapa kwetu Busia, wakati waendesha baiskeli walipobeba abiria na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi cha pili. Leo pikipiki imechukua nafasi ya baiskeli, lakini vijia vya mashambani, kuanzia kingo za mto Sio hadi vijiji vya Tororo karibu na Malaba, ni vile vile vilivyokanyagwa kwa miguu tangu enzi za mababu. Kijia kilichomtosha mama na mzigo wake kichwani sasa kinapitiwa na chombo cha kasi. Hapo ndipo ugomvi unapozuka.

Tuzisikilize pande zote mbili. Mkulima hulalamika kwamba mihogo na mtama wake hukanyagwa, hasa masika, pale waendeshaji wanapokwepa tope kwa kupita shambani. Wazazi huwahofia watoto waendao shule alfajiri. Mwendeshaji naye huuliza: mama mjamzito atafikaje zahanati usiku ikiwa gari halifiki kijijini? Kila mmoja ana hoja ya haki.

Sheria inasemaje? Nchini Kenya, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inatambua kwamba haki ya njia iliyokuwapo ardhi iliposajiliwa mara ya kwanza huendelea kuwapo hata kama haikuandikwa katika hati. Nchini Uganda, iko sheria inayompa mwenye ardhi isiyo na njia nafasi ya kuomba njia ya kufikia barabara ya umma, iwapo mazungumzo na majirani yameshindikana. Kwa hiyo, asifunge mtu njia ya zamani kwa uamuzi wake peke yake. Lakini haki ya kupita si ruhusa ya kukimbiza pikipiki kati ya watembea kwa miguu, wala ya kuharibu mazao.

Tunasisitiza jambo moja zito. Kutega waya, kamba au gogo kijiani ili kumwangusha mwendeshaji ni kosa la jinai katika nchi zote mbili. Waya hauchagui: utamkata shingo mlanguzi, na pia kijana anayemkimbiza mgonjwa. Vivyo hivyo, kumpiga mwendeshaji aliyegonga mtu au kuchoma pikipiki yake ni uhalifu juu ya msiba. Mpelekeni majeruhi hospitalini, kisha mwacheni mshukiwa mikononi mwa polisi.

Si kila kijia ni cha magendo. Vingi ni vya kwenda kisimani na sokoni. Hata hivyo, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inakataza kuingiza bidhaa kwa njia zisizoidhinishwa. Mzigo wa biashara upite kituo cha pamoja cha mpakani, Busia au Malaba. Pikipiki zinazokimbia usiku bila taa zikikwepa ukaguzi ndizo zinazoharibu jina la waendeshaji waaminifu.

Tufanye nini basi? Tunapendekeza hatua nne:

1. Kijiji kiitishe baraza. Upande wa Kenya, aongoze chifu au naibu wake pamoja na Nyumba Kumi. Upande wa Uganda, mwenyekiti wa LC1. Wakulima, wanawake, walimu na chama cha bodaboda wawepo.

2. Vijia vigawanywe: vya miguu pekee, na vya pikipiki kwa mwendo wa pole. Kile cha shule kiwe na saa zake za kufungwa kwa pikipiki.

3. Makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi, na nakala ipelekwe kituo cha polisi kilicho karibu.

4. Kijia kinachovuka mpaka kisiamuliwe na upande mmoja. Wateso na Wasamia wana jamaa huku na kule. Wazee wao wakae pamoja.

Mazao yakiharibiwa, hasara ithaminiwe mbele ya mashahidi kabla ya madai ya fidia kuwasilishwa. Na anayejua palipotegwa waya atoe taarifa leo, kwani kesho atakayepita pale huenda akawa mwanawe.