Kupukutika kwa Seli: Asili na Maana ya Neno Apoptosisi

Mwanafunzi akiulizwa seli hufaje, kwa kawaida hujibu kwamba imeungua, imetiwa sumu au imekosa oksijeni. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu tu ya habari. Mwaka 1972, J.F.R. Kerr, A.H. Wyllie na A.R. Currie walichapisha katika British Journal of Cancer makala iliyoeleza kifo cha namna nyingine. Kerr alikuwa amekwisha kukiona katika ini la panya, akakiita nekrosisi ya kusinyaa. Jina hilo halikufaa, kwani nekrosisi ni kifo cha kujeruhiwa. Ndipo James Cormack, profesa wa Kiyunani katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, alipopendekeza neno la kale: apo, yaani "kutoka", na ptosis, yaani "kuanguka". Wayunani walilitumia kwa majani yanayoanguka kutoka mtini.

Kiswahili kina neno lake tayari, nalo ni kupukutika. Kwa maoni yangu, mpukutiko lingefaa kabisa kuwa istilahi yetu. Mwalimu aweza kuionyesha maana yake bila maabara. Tazama mkungu. Kabla ya jani kudondoka hugeuka jekundu, na mti hurudisha ndani sehemu ya virutubisho vyake. Kisha seli hai zilizo kwenye kikonyo huachana, nalo jani likaanguka. Sasa vunja tawi bichi la mti huohuo uliweke kando. Majani yatakauka, lakini mengi yatabaki yameshikamana na tawi, kwa sababu hakuna tena uhai wa kuyaachilia.

Nekrosisi ni tawi lililovunjika: seli huvimba, hupasuka, na yaliyomo humwagika na kudhuru jirani zake. Katika apoptosisi seli husinyaa, huikatakata DNA yake yenyewe, hugawanyika vipande vilivyofungwa katika utando, na seli za jirani huvimeza pasipo kuzusha uvimbe.

Bila kifo hiki vidole vyetu visingetengana tumboni mwa mama, wala kiluwiluwi asingepoteza mkia. Katika mnyoo mdogo wa udongoni, Caenorhabditis elegans, hesabu yake inajulikana kamili: kati ya seli 1,090 za mwili zinazoundwa katika mnyoo mwenye jinsia mbili, 131 hufa, na ni zilezile kwa kila mmoja. Utafiti juu ya mnyoo huyo uliwapatia Brenner, Horvitz na Sulston Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Saratani, kwa upande wake, mara nyingi ni seli zilizokataa kupukutika, na dawa nyingi za kuitibu hufanya kazi kwa kuzilazimisha zipukutike.