Mizani ya Mcheza Kamari



Darsa ya leo imetokana na jambo lililotupata wenyewe. Mmoja katika wenzetu, mtu wa jamaa na mwenye kazi yake, ndiye tuliyemwekea amana ya fedha za sanda na maziko, shilingi 38,000, nazo zilikuwa katika simu yake. Alipofariki mzee mmoja wa mtaa tukazitaka, hazikuwapo. Zote zilikwisha katika kamari ya mpira, na katika ile ya ndege inayopaa kwenye kioo cha simu. Tulichanga upya usiku uleule, na maiti akazikwa kwa heshima yake.

Asubuhi tulimkalisha. Tukamweleza uharamu wa kamari, tukamsomea aya, tukampigia na hesabu. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mashekhe wangu, yote hayo nayajua. Hesabu hiyo niliipiga kabla yenu. Nilijua nitaliwa, na kidole kikabonyeza."

Neno hilo lilitunyamazisha, kwani sisi tulikuwa tukidhani kwamba mtu akiyajua madhara ya kitu, kujua kwenyewe kutamzuia. Basi tukarejea kwa wanaouchunguza ubongo wa binadamu, tuone wana lipi la kusema.

Mwaka 1994, Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walieleza jaribio la karata. Mtu hupewa dola 2,000 za kuchezea, na mbele yake huwekwa vitita vinne. Katika vitita viwili, kila karata hutoa dola 100. Katika viwili vingine, 50 tu. Lakini vile vya 100 vimefichwa faini kubwa ndani yake: ukifunua karata kumi utapata 1,000 na utalipa 1,250. Vile vya 50, katika karata kumi utapata 500 na utalipa 250. Mchezaji haambiwi haya; hujionea mwenyewe kadiri afunuavyo. Mtu mzima wa afya huanza kwa kuvutwa na zile 100, kisha polepole huhamia kwenye 50. Na ajabu ni hii: kabla hajaweza kueleza kwa nini, kiganja chake huanza kutoa jasho jembamba kila mkono unapoelekea kwenye kitita kibaya. Mwili humwonya kabla ya ulimi kusema.

Wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo juu ya macho, hawakuhama. Kusoma wanajua na kuhesabu wanajua. Wako hata waliotambua na kusema kwa vinywa vyao kwamba vitita vile ni vibaya, na wasiache kuvichukua. Jasho la onyo halikuwatoka.

Mwaka 2001 Bechara na wenzake waliwapa karata hizo waraibu wa pombe na dawa za kulevya, na wengi wao wakacheza mfano wa wagonjwa wale. Mwaka 2002 wataalamu wa Italia waliwajaribu waraibu wa kamari, nao wakashindwa vivyo hivyo. Hatusemi kwamba kila mcheza kamari ana jeraha kichwani. Tusemalo ni kwamba kulijua jambo ni kitu kimoja, na uzito wa jambo hilo wakati wa kukata shauri ni kitu cha pili. Mraibu hesabu anayo. Uzito wake ndio uliompotea. Mia ya sasa kwake ni jiwe, na elfu ya kesho ni usufi.

Kur'ani imezitaja kamari na pombe pamoja katika Sura ya al-Baqara, aya ya 219, na haikukanusha kwamba zina manufaa kwa watu. Imeyatia manufaa hayo katika mizani na dhambi yake, ikabainisha lililo kubwa zaidi. Sisi waalimu twapenda kuirukia hukumu, mizani tukaiacha. Madaktari wa akili wa Marekani waliiweka kamari katika mlango mmoja na ulevi mwaka 2013.

Na mchezo wenyewe huizidi nguvu mizani hii. Ni mara ngapi tumesikia barazani, "Nimekosa mechi moja tu!" Mwaka 2009, Luke Clark na wenzake wa Cambridge walionyesha kwamba kukosa kwa karibu hakumfurahishi mchezaji, lakini humzidishia hamu ya kuendelea, na huziamsha sehemu za ubongo zinazoamshwa na kupata. Kadhalika kule Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, gololi ya gurudumu la kamari iliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walizidi kumimina fedha kwenye nyekundu, wakidhani zamu yake imefika, na wakapoteza mamilioni ya faranga. Gurudumu halikumbuki lilipoangukia jana.

Mwenzetu naye hakuanza kwa kuchukua 38,000. Aliazima 500 akazipoteza, kisha akawa anazifuata zirudi.

Tulifanyaje? Hatukumtenga, wala hatukumwachia simu yenye fedha. Yeye mwenyewe alikata shauri asubuhi, akili imetulia, kwa ajili ya nafsi yake ya usiku: mshahara unapokewa na mkewe, laini yake ya simu imefungiwa kamari, na mikopo ya simu ameiacha. Jumamosi, saa za mipira, mmoja wetu hukaa naye tangu Magharibi hadi alale. Fedha za maziko sasa ziko benki kwa sahihi za watu watatu. Kumpa mtu mmoja amana yote, na kupitisha miezi minane bila ya kuuliza hesabu, lilikuwa kosa letu sisi.

Ameteleza mara mbili, na mara zote mbili alikuja kusema mwenyewe. Kila Ijumaa baada ya Alasiri hutia shilingi 300. Mpaka kuandikwa haya amelipa 9,000.