Kizuizi au Kichocheo? Katekini ya Chai ya Gusii na Tatizo la Istilahi "Kiondoasumu"

Utangulizi

Chai ni zao la biashara linalotegemewa na familia nyingi katika kaunti za Kisii na Nyamira. Majani mawili na chipukizi huchumwa kwa mkono, yakapimwa kituoni na kupelekwa katika viwanda kama vile Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi, Kiamokama na Ogembo. Zao hilohilo hurudi kwa mnunuzi kwa sura nyingine pia: vidonge na unga wa dondoo ya chai ya kijani, vikisifiwa katika matangazo kuwa ni "viondoasumu". Manjano nayo husifiwa vivyo hivyo. Makala hii inadhihirisha kwamba istilahi hiyo inapotosha, kwani kemikali inayotajwa huweza kuilinda seli au kuidhuru kutegemea kipimo na mazingira.

Uoksidishaji kiwandani

Uoksidishaji ni mmenyuko ambapo dutu hupokonywa elektroni, mara nyingi na oksijeni. Jambo hili si geni Gusii. Ndizi ikimenywa na kuachwa wazi hugeuka rangi ya kahawia. Kiwandani, majani ya chai yakisha kunyaushwa na kusagwa huachwa yapate hewa, nayo hubadilika kutoka kijani hadi rangi ya shaba. Katika hali zote mbili, kimeng'enya kilichomo katika mmea huunganisha kemikali za mmea na oksijeni. Katika chai, kemikali hizo ni katekini, nazo hugeuka kuwa teaflavini na tearubijini zinazoipa chai nyeusi rangi na ukali wake. Hatua hii imezoeleka kuitwa "uchachushaji", ingawa haitegemei hamira kama ilivyo katika kuumua unga. Hilo ni kosa la kwanza la kutaja.

Katika chai ya kijani, majani hupashwa joto mapema ili kimeng'enya kiharibike na katekini zisalie. Aidha, mwaka 2011 watafiti wa chai wa Kericho walitoa aina ya TRFK 306, maarufu kama chai ya zambarau, ambayo ina wingi wa kemikali nyingine za jamii hiyo ziitwazo anthosiyanini. Sifa kuu ya kemikali hizi ni wepesi wa kutoa elektroni. Wepesi huo ndio chanzo cha manufaa yake, na pia cha madhara yake.

Sura mbili ndani ya seli

Seli inapotumia oksijeni huzalisha radikali huru, yaani chembe zenye elektroni isiyo na jozi. Chembe hizi hupora elektroni kutoka kwa mafuta, protini na DNA. Katekini ikiipa radikali elektroni, uporaji hukoma. Hii ndiyo sura ya kwanza, nayo ni ya kuzuia.

Hata hivyo, katekini huweza kuipa oksijeni yenyewe elektroni hiyo, hasa penye madini ya shaba au chuma, na hapo hutokea peroksidi ya haidrojeni. Mwaka 2000, Barry Halliwell na wenzake walionyesha kuwa katekini za chai zikitiwa katika kimiminiko cha kukuzia seli huzalisha peroksidi hiyo nje ya seli. Hivyo basi, sehemu ya vifo vya seli za saratani vinavyoripotiwa maabarani huenda ikatokana na kimiminiko hicho, wala si lazima itokee mwilini.

Kiasi kidogo cha uchokozi huu huiamsha seli ijitengenezee kinga yake kupitia protini iitwayo Nrf2. Wahenga walinena kuwa dawa ya moto ni moto. Kiasi kikizidi, akiba ya glutathioni ya seli huisha, DNA hukatika na seli hufa, iwe ya saratani au ya ini lenye afya. Kurkumini ya manjano nayo huonyesha tabia hizi mbili.

Madhara haya si ya nadharia tu. Mwaka 2018, mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilibainisha kuwa miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini kuu ya chai ya kijani, zikitumiwa kama nyongeza, zinaweza kuashiria madhara ya ini. Mwaka 2009, utafiti wa maabara na wa panya ulionyesha kuwa katekini hiyo huidhoofisha bortezomib, dawa ya saratani ya uboho. Kikombe cha chai ya kawaida hakishtakiwi hapa. Kinachohojiwa ni dondoo kali na jina lake.

Tatizo la istilahi

Kimofolojia, maneno kama kipimajoto na kizimamoto hutaja kitu kwa kazi yake ya kudumu. Kipimajoto hakigeuki kuwa kitu cha kuleta joto. Kwa hiyo neno "kiondoasumu" huipa katekini wema wa kudumu ambao haina. Zaidi ya hayo, radikali huru si "sumu" kwa maana ya kitu kigeni, kwani seli huzizalisha na kuzitumia. Hata "kizuiaoksidishaji", ambalo ni sahihi zaidi, lina kasoro hiyo ya kudumisha tabia moja.

Pendekezo la makala hii ni kwamba nomino iitaje kemikali, na kitenzi kitaje tendo pamoja na masharti yake. Sentensi "chai huondoa sumu" hutumia hu- ya mazoea bila mpaka. Sentensi "katekini ikiwa kidogo huzuia uoksidishaji, na ikizidi huuchochea" hutumia -ki- ya masharti, na humwachia msomaji swali la lazima: kiasi gani?

Hitimisho

Mgonjwa anayeamini kuwa ameshika kiondoasumu haoni sababu ya kumwambia daktari, wala ya kupunguza kipimo. Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili ni kuhakikisha kuwa sharti lililomo katika sayansi halipotei katika tafsiri.