Daktari wa Wanyama katika Kituo cha Hifadhi: Kazi Yake, Mafunzo Yake na Faida Yake kwa Afya ya Binadamu

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini, niliitwa wodini kumwona mvulana wa miaka tisa. Alikuwa na kiu kali, lakini kila alipoletewa kikombe cha maji koo lilimkaza na mwili ukamtetemeka. Mama yake alieleza kuwa miezi miwili kabla ya hapo mtoto aling'atwa na mbwa kwenye kifundo cha mguu. Siku hiyo hiyo alipelekwa kutibiwa, akachomwa sindano ya pepopunda, akapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Mbwa aliuawa kwa marungu akatupwa korongoni. Mtoto alifariki siku ya tatu baada ya kulazwa.

Baadaye nilifahamu kwamba majuma matatu kabla ya mtoto kung'atwa, afisa mifugo wa kata ile alikuwa ameandika habari za mbwa asiyejulikana aliyeng'ata ndama wawili katika kijiji hicho hicho. Habari za ndama zilikuwa katika daftari lake, na habari za mtoto zilikuwa katika daftari letu. Madaftari hayo mawili hayakukutana.

Somo hili linahusu mtu ambaye sisi wahudumu wa afya ya binadamu tunamfahamu kidogo mno, yaani daktari wa wanyama anayetunza wanyama wasio na mwenyewe, waliotelekezwa, waliojeruhiwa au wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kueleza kazi za daktari huyu, mafunzo anayopitia, na wakati ambapo mgonjwa aliyeng'atwa anahitaji madaktari wawili badala ya mmoja.

Kituo cha hifadhi ya wanyama ni nini?

Kituo cha hifadhi ni mahali panapopokea mbwa, paka, punda na wanyama wengine wenye shida, wakatibiwa, kisha wakarudishwa kwa wenyewe au wakapewa walezi wapya. Fikra ya kuwalinda wanyama kwa njia ya vyama ilipata nguvu mjini London mwaka 1824, kilipoanzishwa chama cha kwanza cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Katika Afrika Mashariki, chama cha namna hiyo kilianza Nairobi mwaka 1910. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008.

Katika wilaya nyingi za Mbeya na Iringa, sehemu kubwa ya kazi hii humwangukia daktari wa mifugo wa wilaya pamoja na maafisa mifugo wa kata. Banda moja nyuma ya ofisi, mnyororo, bakuli la maji na jokofu la chanjo ndivyo vifaa vyao. Kwa hiyo mambo yanayofundishwa kuhusu kituo cha hifadhi yanawahusu hata wao.

Kazi ya daktari ndani ya kituo

Mhudumu wa afya ataielewa kazi hii upesi akiilinganisha na wodi. Daktari wa kliniki ya kawaida hutibu mnyama mmoja wa mwenyewe mmoja. Daktari wa kituo cha hifadhi hutibu mnyama mmoja mmoja, na wakati huo huo hulinda kundi zima, kama vile muuguzi mkuu anavyozuia maambukizo yasivuke kutoka kitanda kimoja hadi kingine. Kazi zake kuu ni hizi:

1. Kupokea na kuchunguza. Kila mnyama huangaliwa siku anapofika: joto, ngozi, meno, macho, majeraha na mwenendo. Huulizwa ametoka wapi na kama amemng'ata mtu. Jibu la swali hilo la mwisho ni habari ya kitabibu kwa binadamu aliyeng'atwa.

2. Kutenga. Mgeni mwenye afya huwekwa peke yake kwanza, kwa kuwa huenda ugonjwa umo mwilini bila dalili. Mgonjwa hutengwa mahali pengine kabisa. Usafi huanzia kwa watoto wa mbwa walio wazima na kuishia kwa wagonjwa, wala haufanywi kinyume chake.

3. Kuchanja na kutibu minyoo. Chanjo hutolewa mapema iwezekanavyo, kwani virusi vya parvo na distempa vinaweza kuangamiza banda zima. Distempa haiishii kwa mbwa wa nyumbani. Mwaka 1994 iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Wakazi wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mkoani Iringa, wanayo sababu ya kulikumbuka hilo, kwa sababu Ruaha ina simba na mbwa mwitu.

4. Kuzuia uzazi. Madume huhasiwa na majike hufungwa kizazi kwa upasuaji wenye dawa ya usingizi. Bila hatua hii, kituo hujaa kila mwaka na mitaa haipungui mbwa.

5. Kufupisha muda wa kukaa. Kadiri mnyama anavyokaa kituoni ndivyo anavyozidi kupata maradhi na msongo. Kituo kinachopokea wanyama kuliko uwezo wake wa kuwatunza hugeuka kuwa chanzo cha ugonjwa.

6. Kutoa uamuzi wa mwisho. Mnyama mwenye mateso yasiyotibika huuawa kwa huruma, kwa dawa na bila maumivu. Uamuzi huu huwaelemea watendaji. Sisi tunaohudumia wagonjwa mahututi tunaufahamu mzigo wa namna hiyo, na tunapaswa kutambua kuwa wenzetu nao wanahitaji mapumziko na mtu wa kuzungumza naye.

Mafunzo yake

Hapa nchini, shahada ya udaktari wa wanyama hutolewa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na huchukua miaka mitano. Mwanafunzi husoma anatomia, vijidudu, famasia, upasuaji, ukaguzi wa nyama na afya ya jamii. Akihitimu husajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, lililoundwa kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Husaidiwa na watendaji wenye cheti na stashahada, wakiwemo wanaofundishwa katika kampasi za Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo.

Tiba ya wanyama wa vituo vya hifadhi kama fani ya pekee ni changa hata duniani. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Cornell kilianza kuifundisha mwaka 1999, na mwaka 2014 ikatambuliwa kuwa ubingwa rasmi. Inaongeza mambo matatu juu ya shahada ya kawaida: epidemiolojia ya makundi, elimu ya tabia za wanyama, na upasuaji wa kuzuia uzazi kwa wanyama wengi kwa usalama.

Jambo la nne linatuhusu sisi moja kwa moja. Daktari huyu na wasaidizi wake hawana budi kuchanjwa wenyewe dhidi ya kichaa cha mbwa kabla ya kushika mbwa. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018, chanjo hiyo ya kinga hutolewa siku ya kwanza na kurudiwa baada ya siku saba. Mganga Mkuu wa Wilaya anaweza kuanza ushirikiano kwa kuuliza swali dogo: je, maafisa mifugo wetu wamechanjwa?

Kwa nini mbwa wachanjwe badala ya kuuawa?

Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 kila mwaka duniani, na takriban asilimia 99 ya maambukizo kwa binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Serikali nyingi zimekubali lengo la kukomesha vifo hivyo ifikapo mwaka 2030.

Kuua mbwa ovyo hakukomeshi ugonjwa. Nafasi ya waliouawa hujazwa na wengine wasio na kinga, na wananchi huwaficha mbwa wao. Kinachokatiza maambukizo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, pamoja na watoto wa mbwa walio chini ya miezi mitatu, na kurudia kila mwaka. Kwa majirani zetu wa Malawi, mwaka 2015, kampeni moja mjini Blantyre ilichanja mbwa zaidi ya 35,000 kwa muda usiozidi mwezi mmoja. Kisiwani Pemba maambukizo yalikatizwa mwaka 2014 kwa chanjo, yakarudi mwaka 2016 baada ya ugonjwa kuingizwa upya, yakakatizwa tena kwa chanjo. Funzo la Pemba ni kwamba ushindi usiolindwa hupotea.

Mgonjwa mmoja, madaktari wawili

Ndugu msomaji, ukiumwa na mbwa, au mtoto wako akiumwa, fanya haya:

Osha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Usipake mafuta ya taa, majivu wala pilipili, na usibandike jiwe jeusi. Nenda kituo cha tiba siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Usimuue mbwa ikiwa anaweza kufungwa kwa usalama. Mjulishe afisa mifugo.

Kwa mhudumu wa afya: mgonjwa mwenye mkwaruzo usiotoa damu huhitaji chanjo. Mwenye jeraha linalotoa damu, au aliyeingiwa na mate ya mbwa machoni, mdomoni au penye ngozi iliyochanika, huhitaji chanjo pamoja na imunoglobulini inayodungwa ndani na pembeni mwa jeraha. Usisubiri habari za mbwa ndipo uanze. Anza, kisha mpigie simu daktari wa mifugo.

Daktari huyo atamweka mbwa chini ya uangalizi kwa siku kumi. Mbwa anayetoa virusi katika mate huugua na kufa ndani ya muda huo. Akibaki mzima, chanjo ya mgonjwa inaweza kusitishwa. Akifa, kichwa chake hupelekwa kikiwa kimepozwa kwenye maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, wenye kituo mjini Iringa. Hii ndiyo sababu mbwa asipigwe kichwani: ubongo uliopondwa hauwezi kupimwa vizuri.

Hitimisho

Mwaka 2018 Serikali ilizindua Dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu ili wataalamu wa binadamu, wanyama na mazingira wafanye kazi pamoja. Katika ngazi ya kata, Afya Moja ni namba ya simu iliyobandikwa ukutani katika chumba cha kufungia vidonda, na mhudumu anayeipiga. Iwapo namba hiyo ingalikuwapo siku ile mvulana wa miaka tisa alipoletwa, afisa mifugo angalisema: "Huyo mbwa ninamjua, ameng'ata ndama wawili." Chanjo ingalianza siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Taja tofauti kati ya kumtenga mnyama mgeni mwenye afya na kumtenga mnyama mgonjwa.
2. Kwa nini mbwa aliyemng'ata mtu huangaliwa kwa siku kumi?
3. Je, unayo namba ya simu ya afisa mifugo wa kata yako? Kama huna, itafute kabla ya kumaliza zamu ya leo.